Kuanguka kwa Bepari Othmani Katika Makumbi ya Kilindoni

Sogeeni, mlioketi barazani, na ninyi mliosimama mlangoni kama watu wa kupita. Shusheni vikombe, tulizeni watoto, mpate kusikia khabari ya vita iliyopiganwa Kilindoni zama za Ujamaa, pasi na bunduki wala panga, ambayo damu yake yote ilikuwa rangi ya ubuyu.

Alikuwako shujaa, jina lake Matano, mkwezi wa minazi asiyejua kizunguzungu, aliyevaa vazi la kungfu lililoshonwa kwa magunia ya unga, mgongoni bado limeandikwa uzani. Silaha yake ilikuwa vipande viwili vya mpini wa jembe vilivyoungwa kwa kamba ya usumba wa nazi. Ubavuni pake alisimama Abeid, fundi wa redio, jicho lisilopepesa, aliyeazima kamera ndogo, tena bubu, isiyonasa sauti, kwa binamu yake baharia.

Siku hiyo meli ya baharia ilikuwa ing'oe nanga alasiri, na kamera iondoke nayo. Filamu yao ya kungfu yote ilikuwa tayari isipokuwa mwisho wake, na ndani ya kamera ulisalia mkia tu wa utepe. Ilikuwa sharti bepari aanguke. Asipoanguka, dhuluma ingebaki imesimama milele, na Matano angekuwa amerukaruka msimu mzima bure.

Na bepari alikuwa nani? Vijana wote waliombwa wakakataa, kwani nani angethubutu kuonekana bepari, naye balozi wa nyumba kumi ni jirani? Akakubali Mzee Othmani peke yake, kwa mapenzi ya joho lake la harusi, ambalo halikuwa limepata pa kwenda miaka mingi. Lakini Mzee Othmani ndiye aliyemzaa Mwatima, na Mwatima ndiye mke wa Matano.

"Haya, Ndugu Matano," akanena Abeid. "Piga."

Matano akanguruma, akaupasua mchanga kama ng'ombe aliyekata kamba, akainua mguu wa maangamizi, akaufikisha mbele ya mkwewe, kisha akaushusha taratibu, akainama, akambusu mkono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

Abeid akaizima kamera. Biubwa, muuza vitumbua, akauliza hadharani, "Kwani huyu kaja kupigana au kuposa?"

Matano akawageukia watu, akahutubu: "Enyi wana wa Kilindoni, mnazi uliopigwa na radi nimeukwea, na papa nimemburuta kwa mkono. Ila mguu huu haujui kumwinukia aliyenipa mke. Mimi nauamuru, wenyewe wakataa."

Mzee Othmani akatandaza joho lake, naye akajibu kwa sauti ya mimbari: "Basi mimi, mbele ya Mola na mbele ya umati huu, nakupa radhi ya teke moja. La kifua. Darizi usiiguse."

Umati ukaitikia amina. Matano akatoka mbio tena, radhi ikiwa kifuani, akafika, akainama, akabusu mkono.

Meli ikapiga honi. Abeid akatazama kamera, akasema kwa upole, "Utepe uliobaki hautoshi hata kupigia chafya."

Hapo akasimama Mwatima, mshona magunia, vidole vyake vimejaa matundu ya sindano. "Baba," akasema, "vazi lile nimelishona kwa damu yangu, wala si ya ubuyu. Leo utaanguka, au nitakuja kukuangusha mimi."

Mzee Othmani akamtazama bintiye, akayatazama makumbi ya nazi yaliyorundikwa nyuma yake, akajifunga joho kiunoni.

Mara ya tatu Matano akaja, akanguruma, akainama. Midomo ilipogusa mkono, mzee akaung'ang'ania mkono wa Matano, akaruka, akabiringika juu ya mgongo wa mkwewe, darizi zikimeta juani, akatumbukia kichwa mbele ndani ya makumbi. Kisha kutoka humo chini ikasikika sauti:

"Marahaba."

Utepe ukaisha papo hapo.

Filamu iliporudi imesafishwa na kuonyeshwa juu ya shuka, watu waliona fundi wa kungfu ambaye hapigi teke wala ngumi. Huinama tu, hubusu, na adui huruka angani. Wakaitaka tena na tena, hadi Biubwa akasahau vitumbua vikaungua.

Hivyo ndivyo ubepari ulivyoangushwa kisiwani Mafia, kwa adabu. Na tangu siku hiyo, wazee wa Kilindoni wakiamkiwa na wajukuu, hushika nguzo kwanza.