Kitenzi cha Kumbakisha Mume Wangu

Jumatatu, 3 Juni
Wiki ya tatu ya ndoa. Mume wangu akikunja soksi tu, moyo unanidunda! Leo kaja uso umemshuka. Kiwanda chao cha magodoro kinataka mtu wa kusimamia ghala jipya, safari ya siku mbili kwa basi. Mwaka mzima! Ataenda yeye au mwenzake, Kidevu. Bosi ataamua Ijumaa, na bosi ni mgonjwa wa Kiingereza kigumu; anayekimwaga humweka karibu naye. Nisipofanya kitu, nitalala peke yangu juu ya godoro tulilouziwa kwa bei ya wafanyakazi.

Jumanne, 4 Juni
Nimeazima kamusi kwa wifi. Kaniuliza kama natafuta jina la mtoto. Mbea!
Nimelipata: absquatulate. Kitenzi. Kuondoka ghafla bila kuaga. Kinajitia Kilatini, lakini Wamarekani walikitunga tu karne ya kumi na tisa. Wakachanganya neno la kutoroka na la kuchuchumaa, wakalibandika mkia wa kisomi. Kamusi inasema hutumika kwa utani. Utani gani, neno refu kuliko majina yangu matatu?
Nimemfundisha mpenzi akipiga pasi. Kila akipatia, busu. Shati limeungua.

Jumatano, 5 Juni
Balaa! Mama yake bosi amefariki. Kesho wafanyakazi wanapita ofisini kumpa pole. Nikalia kidogo. Kisha nikakaa wima. Bibi wa watu kaondoka ghafla, hakuaga! Neno limejileta lenyewe.
Mume wangu akauliza kama asiseme tu pole kama wengine. Nikamwambia, mume wangu, pole hata Kidevu anayo.

Alhamisi, 6 Juni
Kidevu alitangulia. Akasema pole sana, bosi, Mungu akutie nguvu. Akatoka.
Laazizi wangu akamshika bosi kwa mikono miwili, akamwambia anasikitika sana kwamba mama has absquatulated.
Mhasibu akajifanya anakohoa, akakimbilia nje. Bosi akauliza taratibu kama anajua kwamba neno lile ni la kuwachekea matapeli wanaotoroka. Akajibu kwamba hilo la kucheka lipo kwenye kamusi, mke wake kalisoma lote.
Msema kweli wangu! Bosi hakungoja Ijumaa.

Jumamosi, 8 Juni
Basi limeondoka alfajiri. Alinipungia mkono mpaka kioo kikafunikwa na mvuke. Kidevu ndiye aliyembebea begi. Eti shemeji, usijali, ukikwama niite.
Nimepika chakula cha watu wawili. Upande wake wa godoro una bonde la umbo lake. Nalala pembeni, lisije likajaa.
Wifi kaja kuchukua kamusi yake. Nikamwambia bado. Nimeshaona tulipokosea: lile neno halikuwa Kilatini halisi. Hili ndilo lenyewe, defenestrate, kutoka fenestra, yaani dirisha. Kumtupa mtu nje kupitia dirishani. Nikafikiri sana. Kutupwa, kutolewa, cha muhimu ni atoke huko ghalani arudi kwangu.
Nimemtumia ujumbe. Jumatatu asubuhi na mapema ampigie bosi, amwombe kwa heshima zote amdefenestrate.