Kandambili kutoka Ng'ambo

Kampuni inayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba idara yetu ya utafiti, ambayo ilikuwa chumba cha nyuma ya kiwanda, sasa imehamia ng'ambo, kwenye nchi ya theluji. Sisi hutengeneza kandambili. Mkurugenzi Mkuu alieleza sababu vizuri tu: mtafiti akiona kandambili kila siku atazizoea, na akishazizoea atavumbua nini?

Watafiti wa zamani tuliwaaga kwa soda. Mmoja wao ni mdogo wa mke wangu. Akanivuta pembeni.

"Shemeji, huko watu wanavaa buti mwaka mzima. Kandambili wamezionea wapi?"

"Ndiyo maana hawana upendeleo," nikamjibu. Mimi ni Msemaji wa Ubunifu, sikosi jibu.

Tatizo la kutafitiwa lilikuwa mkanda kuchomoka. Mwenyekiti wa bodi, ambaye ni mama mkwe wa Mkurugenzi, alishasema wazi: siku ya mkutano mkuu aone kandambili mpya, la sivyo kiti cha Mkurugenzi atakikalia mtu mwingine. Basi Mkurugenzi akaongea na ng'ambo kwa video, kupitia mashine ya kutafsiri, akitamka polepole ili mashine isibabaike: "Tunataka. Kanda. Mbili. Zisizochomoka."

Mzigo ulifika asubuhi ya mkutano, ukafunguliwa jukwaani mbele ya wenye hisa. Ndani mlikuwa na kanda mbili. Za kaseti. Nzuri kweli, hata utepe hauchomoki.

Mkurugenzi anatokwa jasho. Nikashika maikrofoni.

"Mabibi na mabwana, kandambili ya kizazi kipya! Haina kulia wala kushoto. Ina upande A na upande B."

Makofi! Nikajiona kidume.

"Haya, mkwe," Mwenyekiti akasema, "vaa tuone."

Nani atamkatalia mama mkwe mbele za watu? Mkurugenzi akavua viatu, akaifunga moja mguuni kwa tai yake na ya pili kwa tai yangu. Akainua mguu kwa madaha, akaenda chini puu!

"Zimekupendeza," mama akasema, hata hakucheka. "Kuanzia kesho viongozi wote mtavaa hizi kazini, mpaka utafiti urudi nyumbani."

Hivyo matunda ya ng'ambo yameanza kuonekana. Bosi akitokea tu, kra, kra, kiwanda kizima kimeshamsikia, na watu wanamalizia chai yao bila presha. Hivi sasa ananiita ghorofani. Nimemwambia naja, ila ngazi nitazipanda kwa magoti, kwa sababu za kiusalama.