Nakala ya Mtoto wa Kaka

Siku Penisimani alipoingia duka la jumla la Kalolaine pale Nuku'alofa, Tonga, alikuta foleni ndefu na kompyuta ya kaunta imezima. Mwenye duka, mama mnene asiye na haraka, alikuwa akiipiga mgongoni kwa kiganja kama anayemwamsha mlevi.

"Ndivyo ilivyonifanya mwaka wa majivu," alisema bila kumtazama mtu. "Nikapoteza kila kitu. Nani kachukua nini, stoo kuna nini, sikujua."

Foleni nzima ikaguna. Kila mwenye biashara mjini alikuwa na kidonda hicho tangu volkano ilipolipuka. Penisimani, aliyekuja kununua kopo la nyama tu, aliisikia ile hofu akajua amelamba dume.

Huyu Penisimani alizaliwa na kukulia Auckland, akalelewa na mama peke yake. Kule aliuza simu mpaka wenye simu zao walipoanza kumtafuta, ndipo akakumbuka ghafla kwamba ana asili Tonga na kwamba asili ni kitu kizuri. Kazi hakuijua. Ila maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na yeye maneno alikuwa nayo ya kutoa nyoka na mayai yake.

Alitengeneza masanduku meusi ya bati, kila moja na kitaa cha buluu kinachopepesa. Kwa kuwa sanduku tupu ni jepesi, na wepesi huzua maswali, alitia ndani bonge la zege aliloliokota kwenye jengo bovu. Kwenye laptopu akaweka mstari wa kijani unaotambaa taratibu kutoka sifuri hadi mia.

"Mfumo wako wote unapanda kwenye hifadhi ya wingu," aliwaambia watu. "Stoo, wateja, mishahara, mpaka picha za harusi. Kimbunga kije, mlima ulipuke, wewe unanunua kompyuta nyingine, unabonyeza hapa, biashara imerudi kama ilivyokuwa."

Kazi hiyo ipo duniani, na wako watu waaminifu wanaoifanya vizuri. Tuwaache na uaminifu wao.

Wa kwanza kuingia mkenge alikuwa Samiuela mwoka mikate, mzee wa kanisa, tajiri ambaye mkono wake ulifunguka kwa shida hata wa kukusalimia.

"Hilo wingu lako linafanya kazi Jumapili?" aliuliza.

"Usiku na mchana, mzee wangu. Halijui kulala."

"Basi nenda nalo. Jumapili hapa hafanyi kazi mtu."

"Mbona wewe unaoka Jumapili?"

"Mkate una ruhusa. Wingu lako linayo?"

Penisimani alikohoa kidogo, na kikohozi kilipokwisha alikuwa tayari na bidhaa mpya. "Lipo linaloiheshimu Jumapili. Ila bei yake imechangamka, maana Jumatatu inabidi likimbie kufidia."

"Hapo umesema. Na wale waokaji wengine umeshawauzia?"

"Bado."

"Usiwauzie. Kimbunga kikija, nataka nibaki mimi."

Akalipa ya mwaka mzima papo hapo, mtu aliyezoea kubishania bei ya chachu. Roho mbaya ikishika kamba ya mfuko, hata bahili hulegea.

Lakini Samiuela alikuwa dagaa. Papa alikuwa Kalolaine, mwenye maduka matatu, malori, na tabia moja mbaya sana: hakununua kitu kwa mtu asiyemjua. Kwa hiyo Penisimani akaenda kukaa na wanywa kava, kile kinywaji cha mizizi kinacholegeza ndimi, bakuli likizunguka, akasikiliza. Hawakumchelewesha. Kalolaine alikuwa na kaka, Fe'ao, aliyekwenda Auckland ujanani akafia huko, na mtoto wake hakuna aliyemjua.

Kesho yake Penisimani alivaa nguo nyeusi, akafunga mkeka kiunoni kama Mtonga mwenye adabu zake, akaenda kulia dukani.

"Shangazi, mimi ni mtoto wa Fe'ao."

Kalolaine akaacha alichokuwa akifanya. Akamshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku kama anayechagua tikiti maji.

"Masikio ya Fe'ao haya," alisema, na macho yakamlenga. "Ulikuwa wapi siku zote hizi, mwanangu?"

Walilia pamoja, kila mtu kwa sababu zake. Machozi yalipokauka, Penisimani alieleza kazi yake, na shangazi hakubishania hata bei.

"Nifungie masanduku hayo kwenye maduka yote matatu. Na nitakuongezea juu. Nimnyime nani, na wewe ni damu yangu?"

Mtu mwenye akili angejiuliza ni lini mfanyabiashara aliwahi kuongeza bei aliyotajiwa. Penisimani alikuwa mjanja, na mjanja hana nafasi ya kuwa na akili. Alifunga masanduku yake madukani, akatia fedha kwenye begi pamoja na za Samiuela, akakata tiketi ya kurudi Auckland.

"Huwezi kuondoka hivi hivi," shangazi alisema. "Watu wakuone kwanza."

Watu wakamwona. Nguruwe walichomwa, mchungaji akaomba dua ndefu, mkuu wa polisi akala paja zima. Kalolaine akasimama mbele ya wote, akamshika bega.

"Huyu ni mtoto wa kaka yangu. Mmemwona?"

"Tumemwona," walijibu.

"Na wewe, mwanangu, mimi ni nani kwako?"

"Wewe ni shangazi yangu," alisema Penisimani, mafuta yakimchuruzika kidevuni. Makofi yakapigwa.

Hapo ndipo alipojichimbia kaburi. Kwetu Tonga shangazi, dada wa baba, ni mtu mkubwa. Anaingia kwa mtoto wa kaka yake, anaona kitu, anakipenda, anakichukua, na mwenye kitu anashukuru. Penisimani aliisikia desturi hiyo utotoni, lakini kwa kuwa hakuwahi kuwa na shangazi, hakuwahi kunyang'anywa.

"Saa nzuri hii," alisema Kalolaine kabla sahani hazijaondolewa, akamvua mkononi.

"Asante, shangazi," alisema Penisimani, maana watu walikuwa wakimtazama.

Laptopu ilifuata asubuhi. Kisha viatu. Alivumilia yote, akilikumbatia begi lake mpaka uwanja wa ndege, ambako ukoo mzima ulikuwa umekuja kumuaga kwa mashada ya maua. Na pale, mlangoni kabisa, Kalolaine alinyoosha mkono.

"Na hilo begi, mwanangu."

"Hili hapana, shangazi. Hii ni fedha ya kazi."

Mchungaji akasogea, na mkuu wa polisi nyuma yake.

"Kijana," mchungaji aliuliza kwa upole, "unamnyima dada wa baba yako? Wewe ni mtoto wa Fe'ao, ndiyo au siyo?"

Akisema ndiyo, begi limekwenda. Akisema siyo, mkuu wa polisi yuko hapo hapo. Penisimani, ambaye maishani mwake hakuwahi kukosa neno, alifungua mdomo likatoka moja tu.

"Ndiyo," alisema, akaliachia.

Shangazi alimkumbatia kwa kumuaga, mdomo ukiwa karibu na sikio lake.

"Fe'ao aling'atwa na farasi," alinong'ona. "Sikio alikuwa nalo moja. Na yale masanduku niliyafungua siku ile ile. Mimi nauza saruji, mwanangu. Zege lako halifai hata kujengea banda la nguruwe."

"Na mfumo wako?"

"Binti yangu yuko Brisbane. Tangu mwaka wa majivu ananihifadhia nakala kila tukifunga duka, na anajaribu kama inarudi. Wewe hukuniuliza hata kama ninayo."

"Basi nirudishie ya Samiuela tu. Ile si yako."

"Samiuela ni shangazi yako?"

Samiuela, kwa taarifa yako, mpaka leo analifuta sanduku lake vumbi kila Jumamosi, na Jumapili analizima ili lipumzike.

"Shangazi," Penisimani alisema, na safari hii machozi yalikuwa yake kweli, "unaniacha sina kitu."

"Huna kitu vipi, na wewe ndiye uliyetufundisha kwamba kilichohifadhiwa hakipotei?" Akamrekebishia shada la maua shingoni, akamsukuma taratibu kuelekea kwenye ndege, miguu pekupeku. "Panda, mwanangu. Nakala zako utazikuta huko juu."