Binti Mfalme Kaanguka Uani

Jumatatu, 6 Oktoba
Mtu wa kwanza kuulizwa neno lolote kuhusu mawe katika mji huu wa Blaenau ni mimi, Idwal. Milima yenyewe ingekuwa na mdomo ingeniamkia. Babu yangu alipasua vigae vya jiwe machimboni maisha yake yote. Ujuzi uko kwenye damu, shule ya nini?

Asubuhi Binti Mfalme kaanguka uani. Ndivyo tunavyoviita vigae vya paa, kwa vyeo: kikubwa kabisa Malkia, kinachofuata Binti Mfalme, mpaka kile kidogo, Bibi. Huyu ni wa tatu tangu mvua zianze. Maji yanaingia chumba cha nyuma, juu ya kitanda cha Mama. Mama kafungua mwavuli hapo hapo kitandani na anaendelea kufuma soksi.

Dada yangu Menna kasema basi, paa lote lishushwe, liwekwe jipya la vigae vya Hispania. Hispania! Chai ilinipalia.

Jumanne, 7 Oktoba
Mbaya zaidi. Paa likishushwa, Mama atapelekwa Cardiff kwa Lowri, binti wa Menna, msimu wote wa baridi. Mama ana miaka themanini na minane. Kaniita chini ya mwavuli, kanishika mkono. Kasema, mwanangu, kule hakuna hata mtu wa kugombana naye kwa lugha yetu. Mimi nikienda sirudi.

Nikamwambia Mama atulie, paa nalitengeneza mimi. Menna kacheka mpaka kashika meza. Kauliza, hivi kaka, si wewe uliyeshindwa na balbu ya ukumbini? Balbu ile ilikuwa mbovu tangu dukani!

Jirani yetu Tecwyn kasikia kupitia ukutani, maana nyumba za mtaa huu zimebanana kama meno. Kanisubiri kwenye uzio. Bwana mkubwa, kasema, ukianguka, tafadhali angukia kwenu, huku nimepanda vitunguu. Kaongeza kwamba paa lake halijavuja tone tangu enzi za baba yake. Hilo kila mtu hapa husema. Mtu wa Blaenau kukiri paa lake linavuja ni sawa na mchungaji kukiri hajui Sala ya Bwana.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimepanda! Menna kazini, Tecwyn sokoni. Ngazi nimeazima kanisani, nikaiegemeza kwenye bomba la mvua katikati ya nyumba mbili. Nyundo kiunoni. Mfukoni vikanda vya shaba, vya kukunja na kushikilia vigae vilivyolegea. Juu ni ufalme! Nimeona bahari yote mpaka Ayalandi. Nikatambaa, nikagonga, nikakunja. Malkia gani aliyebaki analegea?

Mama kafunga mwavuli. Kanikatia kipande kinene cha bara brith, mkate wetu wa zabibu, na siagi pande zote mbili.

Ijumaa, 10 Oktoba
Haikunyesha, ilimwagwa. Kitanda cha Mama kimelowa kuliko mwanzo.

Menna hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma. Kampigia Lowri simu tu: gari lije Jumapili baada ya ibada. Mama kafungasha. Biblia, picha ya Baba, soksi zake na sindano. Hakunilaumu. Afadhali angenichapa na mwavuli. Sikula chakula cha jioni. Nilikula kidogo.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mlango kugongwa, Tecwyn. Kavua kofia, jambo ambalo hata mazikoni hulifanya kwa shingo upande. Kauliza kwa kunong'ona, Idwal, nani alikwambia? Nikauliza, kuhusu nini? Kanivuta mpaka jikoni kwake. Chini ya meza, nyuma ya kitambaa kirefu, ndoo. Miaka yote kaificha, mtaa usijue! Na jana, mvua yote ile, ndoo kavu. Vikanda vyangu vyote vya shaba viko juu ya paa lake.

Nikairudisha ndoo chini ya meza. Kisha nikamwambia, jirani ni ndugu, ningeanzaje kwangu kabla yako?

Machozi yalimlenga, mzee yule. Kabeba ngazi yake, kapanda upande wetu. Kashuka na Binti Mfalme mwingine mkononi, kamgonga kwa kifundo cha kidole: akalia kama kengele. Jiwe zima, kasema, kilichokufa ni misumari. Vigae vishushwe upande wa nyuma tu, virudishwe vile vile kwa misumari ya shaba. Atafanya yeye na wenzake wa machimboni. Mama atalala sebuleni mpaka wamalize.

Menna kakubali kwa sharti moja: mimi nisiguse ngazi. Wivu.

Jumapili, 12 Oktoba
Lowri kaja na gari, kala mchana, karudi bila Mama. Mama kafungua begi, katoa zile soksi, kanirushia. Kumbe zilikuwa zangu muda wote.

Kanisani nimewaeleza wazee jinsi nilivyookoa mapaa mawili kwa mpango mmoja. La kanisa nalo linavuja, ingawa hakuna anayesema. Nimejitolea! Menna kanikanyaga mguu, lakini neno lilishatoka. Naanza Jumatano.

Jambo moja dogo, libaki humu. Alhamisi ile, tangu kipago cha tatu cha ngazi mpaka niliporudi chini, nilikuwa nimefumba macho.