Kuhusu Binti Mengia na Bendera Yake Nyekundu

Sarinas, Jumanne, 14 Februari

Kwa Mheshimiwa Balzer Cathomas,
Mwenyekiti wa Halmashauri ya Kijiji.

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako limepata nafuu. Mimi Gaudenz Bezzola, kwa miaka thelathini na minane nimewaongoza wageni kupanda milima yetu na kushuka kwa mbao za kutelezea, na sijampoteza hata mmoja, ukimwacha yule Mholanzi aliyejipoteza mwenyewe. Kwa heshima na uchungu namlalamikia Mengia Derungs, binti mliyemwajiri kupima theluji.

1. Kila asubuhi huchimba shimo katika mteremko wa Foppa, ambao wageni wangu huupenda kwa ulaini wake. Huingia humo hadi mabegani, akagonga theluji kwa sepetu, akasikiliza kama daktari, kisha akapandisha bendera nyekundu. Anadai kuwa chini kuna tabaka la chembe zisizoshikana, kama sukari, na kwamba theluji mpya iliyosukumwa na upepo imekaa juu yake kama sahani juu ya gololi. Nilimuuliza nani alimtuma achimbe mpaka huko. Sisi tunapita juu.

2. Anatangaza hatari ya maporomoko ya theluji ya kiwango cha tatu. Viwango ni vitano. Tatu ni katikati, na cha katikati ni cha wastani. Nilipomweleza hivyo, alijibu kwamba watu wengi hufia kwenye tatu kwa sababu ya hesabu kama yangu. Sikuona adabu katika jibu hilo.

3. Jumapili nilifika Foppa na wageni saba. Nikamkuta amesimama njiani.

"Mzee Gaudenz, leo hapa hampiti."

"Mengia, mimi nilianza kupita hapa mama yako hajaolewa."

"Najua, mzee. Ila mlima hauna habari na hilo."

Mgeni mmoja alicheka. Tukarudi, tukanywa supu ya shayiri tangu saa tano hadi jua likazama. Kesho yake wakahamia bonde la jirani, ambako nasikia hakuna binti.

4. Na Foppa haikuporomoka! Nimekaa dirishani siku tatu nikiitazama. Basi ama binti huyu ni mwongo, ama mlima unamwogopa. Na kijiji chenye heshima hakiwezi kuwa na mtumishi anayetisha milima.

Kwa hiyo naomba hatari ipigiwe kura katika mkutano wa kijiji, kama tulivyozipigia kura kengele za ng'ombe. Naomba pia kwamba wiki za likizo kiwango kisizidi cha pili. Aidha, kwa kuwa ukoo wangu umeikanyaga theluji ya Foppa vizazi vinne, itambuliwe rasmi kuwa ni theluji yenye uzoefu. Kesho nitauvuka mteremko huo peke yangu, mchana kweupe, ili Halmashauri ipate ushahidi.

Nisalimie mkeo Nesa, na mchungaji, na wote wa hapo nyumbani. Keki ya kokwa za jozi ilitufikia, ahsanteni.

Wako mtiifu,
Gaudenz Bezzola

Baada ya sahihi: Maneno haya anayaandika mke wangu Seraina, kwa sababu mkono wangu wa kulia umevunjika. Nilivuka. Nilipofika katikati niliusikia mlima ukiguna chini ya miguu yangu, kisha theluji ya mteremko mzima ikakatika, ikanifukia. Ukifukiwa huwezi kuinua hata kidole, wala hujui juu ni wapi. Mengia aliniona kutoka ng'ambo. Alinipata kwa msaada wa kile kifaa cha mawimbi ya redio kinachoonyesha aliyefukiwa yuko wapi, ambacho Seraina alinifunga kifuani kwa lazima, akachimba peke yake dakika kumi na moja. Naomba malalamiko yote yafutwe, na binti aongezewe bendera. Hakunigombeza. Alinitoa theluji mdomoni kwa kidole, kama mkunga, akawa ananiuliza jina langu nani, ili nisilale. Sikulikumbuka. Nikataja la kwake.