Mheshimiwa Drateru Azindua Wakshopu za Nje, Lobule

Waheshimiwa madiwani, wachungaji wetu, masheikh wetu, wazee mliostaafu jeshini lakini bado mnatembea kijeshi, kina mama wa karanga, ndugu wa baiskeli mliosimama hapo barabarani, na mastekholda wote wa Lobule, mimi Drateru, Mratibu Mkuu wa Ubunifu, nawasalimu kwa niaba yangu binafsi, kisha kwa niaba ya ofisi. (Makofi machache.)

Nawaona mmekaa nje, kwenye nyasi, mnatunga mchezo wa kuigiza, na hilo halikutokea hivi hivi, ni framuweki, kwa sababu ofisi yangu ilifanya utafiti wa kina toka Mvara hadi Dadamu, ikagundua kwamba mawazo ya binadamu hupanuka kwa asilimia sabini na tatu nukta nne akitolewa chini ya mabati, ndipo tukaelekeza kikundi hiki kihamie nje. (Minong'ono.) Naona mama Rosa Kiden, kiongozi wa kikundi, ameinua mkono. Sema, mama.

(Rosa: “Mheshimiwa, sisi tulitoka sababu ndani iko moto sana. Na huyu mama anaitwa Lako, miezi tatu ndani hasemi kitu. Siku tulikaa hapa, mikono yake iko kwa karanga, akaanza kusema vile bwana yake alienda na jeshi, hakurudi. Tuliweka kalamu chini, tukasikia tu. Sasa hiyo ndiyo mchezo yetu.”)

Asante kwa fidibaki hiyo. Mama Lako, simama watu wakuone. (Mama Lako anaendelea kumenya karanga.) Haidhuru, akae. Mtu anyamaze miezi mitatu, halafu aseme, hayo ni matunda ya uongozi, na katika ripoti yangu ataitwa Mnufaika Namba Moja. (Kicheko.)

(Mama Lako, bila kuinua macho: “Andika jina yangu. Na ya bwana yangu, Lodu.”)

Tutaandika, mama. Yote mawili. Nani ana kalamu? (Rosa anampa yake. Mheshimiwa anaandika.)

Sasa, nikisema “Nje”, nyinyi semeni “Akili”. Nje! (Mtu mmoja: “Akili.”) Ubunifu bila kuta! Maendeleo bila mabati!

Mwisho, namshukuru dereva wangu Obeti, aliyepotea njia ya kwenda Koboko mjini asubuhi hii, maana bila yeye nisingejua kama mpo, na nawaomba subira kidogo tu, kwa kuwa programu hii tutaianzisha nikishafika ofisini Arua.