Mantiki kwa Mara ya Pili

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza upya. Daftari jipya, kalamu mpya, akili ile ile. Mhadhiri wa mantiki, tunayemwita Bi Kwahiyo kwa sababu hamalizi sentensi bila neno hilo, amenitambua nikiwa mstari wa nyuma kabisa. Ameniuliza kama nimelipenda somo lake kiasi cha kulirudia. Darasa zima limecheka. Wote hao wadogo zangu kwa mwaka mzima!

Mtihani ni Jumatatu ijayo. Nikifeli tena naondolewa kwenye kozi ya kompyuta, na hakuna wa kumlilia. Huko nyumbani mama, fundi cherehani, ameshawatangazia wateja wake wote kwamba mwanawe ni mtaalamu wa kompyuta. Kila anayekuja kupimwa suruali anaondoka na habari zangu.

Lakini kuna neema. Kabla ya kutoka, Bi Kwahiyo amesema hajawahi kuona mtu aliyefaulu mtihani wake bila kumaliza mazoezi yote kumi. Nimeyaandika maneno hayo na kuyapigia mistari miwili. Maana yake iko wazi: ukimaliza mazoezi kumi, umefaulu. Kumbe siri yenyewe ni ndogo hivi! Mwaka jana sikumaliza hata moja.

Jumanne, 5 Machi

Nimekaa na zoezi la kwanza tangu asubuhi. "Kama P basi Q." P ni nani? Kafanya nini? Kitabu hakisemi. Kinasema tu kwamba P ikiwa ya uongo, sentensi nzima inakuwa kweli. Nimesoma mara nne. Yaani nikisema "kama mimi ni rubani basi viatu vyangu ni vya mbao," nimesema kweli tupu. Nimeangalia viatu. Ni vya raba.

Nikaona niyajaribu hayo kwa watu. Mlinzi wa maktaba alitaka kupekua begi langu kama kawaida yake. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba kama mimi ni mwizi, basi yeye ni mbuzi. Nikamweleza kuwa kwa vile mimi si mwizi, hakuna aliyetukanwa. Hakutaka kuliona jedwali la ukweli nililomchorea. Nimesomea nje, juani.

Jumatano, 6 Machi

Mwenzangu wa chumbani, Kipanga, amemaliza mazoezi yote kumi tangu Jumapili. Hupewi jina hilo bure. Anapiga pasi hata soksi, na akikokotoa anaimba puani mpaka unatamani umzibe. Leo amejitolea kunielekeza. Saa moja tu, alisema, tukae tuelewane. Saa moja! Mtu mwenye nia njema hakupotezei saa nzima siku tano kabla ya mtihani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nimemshukuru. Amekwenda kuoga. Nimefungua daftari lake na kunakili mazoezi yote kumi kwa uaminifu, sikuacha hata nukta. Mkono umekufa ganzi. Sasa ni suala la kusubiri kufaulu tu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekabidhi daftari, nikaitwa ubaoni. Kumbe katika zoezi la sita, chini ya mstari wa nne, nilikuwa nimeandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Hapa nimesinzia. Mstari huu una kasoro, nirudie kesho." Bi Kwahiyo ameyasoma maneno hayo darasani, taratibu, kisha akauliza kama nilirudia. Nikasema ndiyo. Akanipa chaki.

Nimesimama pale macho yamenitoka kama mjusi aliyebanwa na mlango. Kipanga mstari wa mbele ameinamisha kichwa. Nilidhani anacheka, lakini hakuwa anacheka, na hilo limeniudhi zaidi. Bi Kwahiyo hakufoka. Amenirudishia daftari na kusema, "Mazoezi ni yako, mwanangu. Mtihani ndio wangu."

Aibu ya mwaka. Hata hivyo nimehesabu: mazoezi ni kumi, na yamekwisha. Hakusema popote kwamba lazima yawe yametoka kichwani kwangu.

Jumamosi, 9 Machi

Kipanga amenibana chumbani. Amekalia kiti mlangoni, sina pa kupita. Amesema umeme ukikatika, feni inasimama. Nikakubali. Akaelekeza kidole juu: feni inazunguka, kwa hiyo? Nikasema kwa hiyo kuna joto. Akafumba macho. Akaanza upya.

Mara ya sita nimeelewa! Feni haijasimama, kwa hiyo umeme haujakatika. Jambo la pili halipo, basi na la kwanza halipo. Nimerukaruka kitandani. Nimelijaribu kwa kila kitu. Mvua ikinyesha uwanja unalowa, uwanja haujalowa, mvua haijanyesha. Linakubali kila mahali! Kipanga ametaka tuendelee na kanuni nyingine. Nikamwambia haba na haba hujaza kibaba, tusivimbewe. Nimelala mchana kutwa.

Jumatatu, 11 Machi

Mtihani. Maswali manne. La kwanza limekubali kanuni ya feni. La pili nimelilazimisha likubali. La tatu lina alama fulani iliyopinduka, nimeigeuza karatasi mara mbili, haikunyooka.

La nne sikulielewa hata chembe. Ndipo akili ikanijia. Kitabu kinasema ukitoa kauli kuhusu vitu vyote vya kundi ambalo halina kitu, kauli hiyo ni kweli. Nikaacha nafasi wazi, na chini yake nikaandika: "Makosa yote niliyofanya katika swali hili nimeyasahihisha." Nani atapinga? Bi Kwahiyo alikuwa nyuma yangu. Ameinama akasoma, akaninong'oneza, "Ni kweli. Na kila alama nitakayokupa hapo utakuwa umeistahili."

Kila alama! Nimetoka nikitembea kama bwana harusi.

Jumanne, 12 Machi

Mama kapiga simu. Ameuliza kama nimefaulu. Nikamjibu kwamba ama nimefaulu ama sikufaulu, na jibu hilo halina namna ya kuwa uongo. Nilisikia cherehani imesimama. Akasema hilo hata kuku wake wanalijua, na kwamba hakunipeleka chuo nikajifunze kumzungusha. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama ninakula vizuri. Nataka kufaulu, Mungu wangu. Nataka kweli.

Alhamisi, 14 Machi

Tangazo limebandikwa. "Wote waliofeli watafika ofisini kwangu kesho, Ijumaa, saa nne asubuhi kwa mtihani wa mdomo. Hii ndiyo nafasi ya mwisho. Asiyefika ataondolewa kwenye kozi." Majina hayakuwekwa. Kila mtu anapewa bahasha yake kwa katibu.

Ninayo yangu. Nyembamba. Nimeiinua kwenye mwanga wa dirisha, sikuona kitu. Naogopa kuifungua, nisijidanganye. Nimerudi kulisoma tangazo mara tatu. Mara ya tatu nikaanza kutabasamu. Kipanga ameniuliza nina nini. Ya nini kumpa mtu faida?

Ijumaa, 15 Machi

Saa tatu na nusu Kipanga amegonga mlango. Nimejifunika shuka. Saa nne kasoro dakika tano amegonga tena, amekuja mbio, anahema. Amesema Bi Kwahiyo ananiulizia kwa jina, ameniwekea kiti, na maswali ni matatu mepesi. "Njoo, ndugu yangu," amesema. "Nakuomba." Kijicho cha watu wengine! Nimegeukia ukutani.

Sasa ni saa tano. Nimeketi mezani na nimeandika uthibitisho wangu wa kwanza bila kunakili kwa mtu. Wote waliofeli watafika ofisini. Mimi sikufika. Kwa hiyo sikufeli. Mistari mitatu, haina kasoro, naweza kuitetea ubaoni mbele ya yeyote. Bahasha sina haja nayo tena, nimeitupa bila kuifungua.

Nimempigia mama. Ameniuliza kama nimeliona jina langu au namzungusha tena. "Nimethibitisha, mama," nimemwambia. Akarudia neno hilo mara mbili, akaanza kulia. Kabla hajakata simu nimemsikia akiwaita majirani.